Kumi Kabla ya Hamsini

Ha Lebese, Mokhotlong
18 Februari 1996

Mdogo wangu Pheello,

Pokea salamu za wote waliomo humu ndani, nao ni mimi na kuku sita. Hatujambo. Mvua imekuwa ya kutosha, mahindi yamenifika kiunoni, na paa la jikoni linavuja pale pale ulipoliacha ulipokuja kumzika mama. Miaka kumi na moja sasa, Pheello. Watu wanauliza kama nina ndugu au namtunga.

Mosa ameandika kutoka Maseru. Pale kiwandani wamemfanya msimamizi wa safu nzima ya cherehani, na zaidi ya hayo ni mjamzito. Mtoto anatarajiwa Oktoba. Mimi, bibi!

Sasa usicheke. Tarehe sita Septemba natimiza miaka hamsini. Siku ya kwanza ya muhula niliandika tarehe ubaoni, nikasimama na chaki mkononi mpaka darasa likaanza kunong'ona. Jioni ile nilichukua kalenda ya kanisa ya mwaka jana, nikaigeuza, nikaandika nyuma yake mambo kumi ambayo lazima niyafanye kabla ya siku hiyo. Nimeibandika ndani ya mlango wa kabati, maana wageni wa kijiji hiki husoma hata maandishi ya gunia la unga.

Nitang'oa gego linalonitesa. Nitaezeka mabati. Nitaacha ugoro. Nitaiona bahari, hata kwa siku moja, kule Durban. Nitapanda mipichi kumi. Nitafanya ule mtihani wa walimu niliouogopa mara mbili. Nitaimba peke yangu kanisani, bila kujificha nyuma ya sauti ya mke wa mchungaji. Nitanunua farasi wangu mwenyewe badala ya kuazima. Nitakwenda kwa mama mkwe na kumaliza ugomvi wetu.

Hayo ni tisa. La kumi sikuambii.

Wewe je? Kule kwenye ujenzi wanakulisha? Na mke utatuletea lini, au unangoja na wewe hamsini zako zifike?

Dada yako,
Mamosa

*

Welkom
20 Machi 1996

Dada Mamosa,

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikicheka peke yangu hadi mwenye duka akaniuliza nimeokota nini. Wewe kuacha ugoro! Nitaamini nikiona pua yako safi kwa macho yangu.

Mimi mzima. Kifua kinanisumbua kidogo, si kitu cha kukunyima usingizi. Jana walichelewa kutupandisha, tukakaa kwenye unyevu saa mbili zaidi, nikakohoa mpaka asubuhi. Itapita. Mpe Mosa hongera. Mwambie mjomba wake atatuma blanketi la mtoto, lile zito la rangi mbili.

Kuhusu mke, niache. Mwanamke gani atamtaka fundi wa matofali asiye na nyumba yake?

Hilo la kumi ni lipi? Tangu lini tunafichana? Kama ni mwanamume, sema tu, sitamwambia mchungaji. Kama ni ugonjwa, sema upesi.

Endelea kutuma barua kwa sanduku la duka la Mapetla, kama siku zote. Usizitume kwingine. Hapa ninapolala barua zinapotea.

Ndugu yako,
Pheello

*

Ha Lebese
14 Aprili 1996

Mdogo wangu,

Mchana mwema huko. Hapa baridi imeanza kubisha hodi mapema, na mama mkwe wa jirani yetu amevunjika nyonga. Jino limetoka. Daktari wa misheni alilivuta huku akiniambia, "Mwalimu, leo wewe ndiye mwanafunzi, fungua mdomo." Mabati yamefika, yamelala uani yakimngoja fundi ambaye kila siku anakuja kesho. Ugoro nimeacha siku kumi na saba. Usiniulize kuhusu siku ya kumi na nane.

Pheello, mafundi matofali wanapandishwa kutoka wapi? Nimesoma mstari ule mara nyingi. Wajomba zetu wote walikohoa kikohozi cha mgodi, naijua lugha yao. Ulikataliwa mgodini kwa sababu ya kifua hicho hicho. Au siku hizi wanajenga nyumba chini ya ardhi?

Haya, la kumi nitakuambia, maana umeuliza na ni wewe tu wa kuniambia pa kuanzia. Nataka kujua mume wangu Lefa yuko wapi.

Usikunje uso. Sitaki arudi. Mosa ana mimba, na mtoto atauliza babu yake yuko wapi. Nitamjibu nini? Wanaofiwa na waume zao huvaa nguo nyeusi, kisha siku inafika wanavuliwa, wanaogeshwa, wanaendelea na maisha. Mimi sikuvaa na sikuvuliwa. Kwenye fomu ya shule, penye "umeolewa, hujaolewa, mjane", mwaka jana nilichora mstari tu, na mwalimu mkuu akadhani nimekosea.

Nimeishi miaka kumi na tisa kwa barua yako moja. Bado ninayo. "Dada, vumilia. Lefa ameacha kazi, amepata mwanamke, wamekwenda Johannesburg. Usimtafute." Ulikuwa naye. Mliondoka nyumbani pamoja, mmefungiwa blanketi zenu kwa mikono yangu. Hebu nikumbushe: mwanamke huyo aliitwa nani? Alitoka wapi? Walikwenda kwa nani?

Andika mapema.
Mamosa

*

Welkom
3 Juni 1996

Dada,

Nisamehe kwa kuchelewa, kazi ilikuwa nyingi. Mimi mzima. Poleni na baridi.

Tunajenga ghorofa. Huko juu tunapandishwa kwa mashine. Umeona sasa? Mwalimu anasahihisha hata pasipo na kosa.

Jina la yule mwanamke silikumbuki. Ni miaka mingi. Alikuwa mrefu. Sikuongea naye.

Dada, nakuomba kama ndugu uliyemlea. Lifute la kumi, andika lingine. Wanaume wanaokwenda namna ile hawapatikani, na wakipatikana si wale walioondoka. Umekaa vizuri bila yeye. Piga bati lako, panda mipichi yako, nenda baharini. Nauli ya Durban nitakupa mimi.

Sina mengine.
Pheello

*

Ha Lebese
23 Juni 1996

Pheello,

Salamu. Nimepata barua yako fupi. Nauli sikuitaka, ila ahsante.

Nianze na la tisa, kwa sababu ndilo lililonifikisha hapa. Nilikwenda kwa mama mkwe wangu. Unamjua. Tangu Lefa apotee amekuwa akisema nilimfukuza mwanawe kwa mdomo wangu. Nilimkuta anaota jua mbele ya nyumba, hakugeuza kichwa.

"Umekuja kuchukua nini?"

"Nimekuja kukusalimu, mama."

"Miaka kumi na tisa njia ulikuwa huioni?"

Nikakaa chini, bila kiti. Kisha akanyoosha mkono, nikampa kopo langu la ugoro, lile nililokuwa nimelificha. Akavuta, akapiga chafya, akaanza kulia.

"Nilikusingizia," akasema. "Mwanangu hana mwanamke. Kama angekuwa na mwanamke ningemwota anacheka. Namwota amesimama mlangoni, hana uso. Namwambia ingia, ananiuliza, 'Niingie kwa jina gani?'"

Mimi si mtu wa ndoto, unanijua. Lakini hiyo sikuweza kuiacha. Nilirudi nyumbani nikamwandikia Mosa: nenda pale ofisi ya kuandikisha watu wa migodini, peleka jina la baba yako na namba yake ya zamani.

Mosa alikwenda Jumanne kabla ya kazi. Karani, mzee mmoja mpole, akafungua jalada, akamtazama. Akamwambia, "Binti, mbona unamtafuta mtu ambaye hajapotea?"

Lefa Ramakatsa yuko kazini, Pheello. Hajawahi kuacha. Yuko mgodi wa Kopanong, hapo hapo Welkom, tangu mwisho wa mwaka 1977. Kila mwaka anakuja Maseru kutia sahihi mkataba mpya, kisha anarudi. Karani anamjua. Anasema ni mtu mkimya, ana kikohozi.

Miaka kumi na minane anafika Maseru kila mwaka, na hajawahi kupanda kuja kuona kama mtoto wake yu hai.

Na wewe uko mji huo huo. Unatembea barabara zile zile. Welkom ni kubwa kiasi gani? Hukuwahi hata siku moja kumwona kwa mbali dukani?

Mosa ameomba nakala ya karatasi zake. Karani amemwahidi, baada ya wiki chache. Shule ikifungwa nakuja huko mwenyewe. Sitapiga kelele. Nataka anitazame, basi.

Nijibu, tafadhali.
Mamosa

*

Welkom
2 Julai 1996

Dada yangu mpendwa,

Barua hii nimempa dereva wa lori la unga anayekuja huko, asiipeleke posta. Usije. Tafadhali, usije.

Nilipopata barua yako nilikwenda Kopanong kuulizia. Ni kweli, yupo. Nimemwona. Mimi mwenyewe nilishtuka. Amezeeka sana, hutamtambua. Tulizungumza getini dakika chache. Anaona aibu, dada. Ana mke mwingine na watoto, na mke yule hajui lolote juu yako. Ameniomba nikuambie umwache. Akalia. Ameandika maneno haya kwa mkono wake nikuletee, yako ndani ya bahasha hii:

"MAMOSA, NISAMEHE. NILIKUKOSEA. SITARUDI. JIHESABU HUNA MUME. USINITAFUTE, NITAAIBIKA MBELE YA WATOTO. LEFA."

Basi, dada. La kumi umelipata. Ulitaka kujua yuko wapi, umejua. Weka alama kwenye kalenda yako.

Mosa asisumbuke tena na zile karatasi. Mwambie aache.

Pheello

*

Ha Lebese
11 Agosti 1996

Pheello,

Theluji ilianguka tarehe saba Julai, haikukoma kwa siku tatu. Barabara ilifungwa wiki nne. Kondoo wa watu wamekufa wamesimama. Mama mkwe wangu alikufa tarehe kumi na tisa, kwa baridi na uzee. Tulichimba kaburi kwa moto na sururu. Lori la unga lilikwama chini ya mlima, na barua yako ndani yake. Dereva amenikabidhi juzi. Jana, kwa gari la misheni, ikaja ya Mosa.

Kwa hiyo nimezisoma zote mbili kwa siku mbili, zikiwa wazi mezani, na sasa nakuandikia mchana kweupe, nikiwa na akili zangu.

Nani alikufundisha kuandika? Ulikuwa na miaka sita, unashika mkaa kama unashika panya. Nilikuwa nyuma yako, mkono wangu juu ya mkono wako. Unaandika S kama mtu aliyeinama kufunga kiatu, kichwa kinaelekea chini. Nilikuchapa kwa ajili ya S hiyo, hukuiacha. Kuandika kwa herufi kubwa hakukukusaidia. Kwenye maneno ya Lefa nimehesabu S sita, na zote zimeinama.

Hapo nilijua umeandika wewe. Nilidhani ulitaka kunituliza, kwamba hukumwona, ukatunga. Ningekusamehe hilo.

Kisha nikafungua ya Mosa. Nakala za karatasi za mgodi. Lefa Ramakatsa. Mke: Dineo. Watoto watatu, na majina yao: Nthofeela, wa kike. Tlali, wa kiume. Wa tatu Mamosa.

Mosa hakuelewa. Ameandika pembeni, "Mama, ona, amempa mtoto jina lako, labda bado anakukumbuka." Yeye bibi na babu wa kwetu aliwaita bibi na babu tu, majina yao angeyajuaje.

Lakini mimi na wewe tunajua. Sisi hatutoi majina ovyo. Mtoto wa kwanza hupewa jina la upande wa baba. Mama yake Lefa nimemzika mwezi uliopita, na hakuitwa Nthofeela. Nthofeela ni mama yangu. Tlali ni baba yangu. Mwanamume anayewaita watoto wake Nthofeela, Tlali na Mamosa ni mwana wa nyumba hii.

Mtu mkimya mwenye kikohozi anayetia sahihi Maseru kila mwaka ni wewe.

Sikuulizi kwa nini hukuniambia una watoto. Sikuulizi kwa nini mke wako anakuita kwa jina la mume wangu. Nauliza moja: kama wewe ndiye Lefa, Lefa yuko wapi?

Nateremka tarehe ishirini na nane. Theluji itakuwa imeyeyuka.

M.

*

Welkom
20 Agosti 1996

Dada,

Sina salamu za kutanguliza. Nimekaa na karatasi hii siku nne, mke wangu anauliza ninamwandikia nani.

Novemba 1977. Mgodini walikuwa wamenikataa mara mbili. Nilikuwa nalala kwenye kibanda cha mabati cha mtu, mjini, bila kibali. Lefa alikuwa akiniletea chakula kila Jumamosi. Alikuwa mtu mwema, najua ulimjua hivyo. Mkataba wake ulikwisha, akapewa karatasi ya kurudi kazini, ile ambayo mwenye nayo anapokelewa mgodi wowote bila kupimwa tena. Alikuwa aende nyumbani mapumziko, kwako, kisha arudi.

Ilikuwa Jumapili, saa tisa mchana. Tulikuwa tumekunywa, si sana. Tulipita nyuma ya machinjio penye mfereji wa saruji. Akaniambia, "Shemeji, wiki hii tunaondoka wote. Hapa utakufa. Nimemwahidi dada yako nitakurudisha mzima." Nikamwambia siwezi kurudi mikono mitupu. Akacheka. Hakunicheka kwa dharau, alicheka tu alivyozoea, kwa sauti ile. Akanishika bega. Nikamsukuma.

Sikumpiga, Mamosa. Nilimsukuma kwa mikono miwili, mara moja. Aliangukia kisogo kwenye ukingo wa mfereji.

Nilikaa naye. Nilimwita. Watu hawakuwepo. Kisha nikaona wanaume wawili wanakuja kwa mbali, nikaingiza mkono ndani ya koti lake, nikatoa zile karatasi, nikaenda.

Jumatatu nilikuwa Maseru. Karani alisoma karatasi, hakuinua macho. Akasema, "Ramakatsa, Kopanong." Nikajibu, "Ndiyo." Tangu siku hiyo sijaacha kujibu ndiyo. Watu wa Kopanong hawakumjua yeye wala mimi. Wiki hiyo ndiyo nilikuandikia ile barua ya Johannesburg. Nilidhani aibu ni nyepesi kwako kuliko msiba.

Utaniuliza kama alikuwa amekwisha kufa nilipoingiza mkono. Hilo sitaliandika. Nitakujibu uso kwa uso, au sitajibu kabisa.

Dineo hajui. Watoto hawajui. Ukija, ndio mwisho wa wote wanne. Sisemi usije. Nasema tu.

Pheello

*

Welkom
6 Septemba 1996

Kwa mkono wa dereva wa lori la unga, kwa Ntate Khoabane, mzee mwenye duka, Ha Lebese, ampe mtu aliyemo nyumbani kwangu

Pheello,

Mimi mzima. Dineo mzima, watoto wazima, ila mdogo ana homa ya kulia. Leo nimetimiza hamsini. Nthofeela wako alinikaangia yai, akaniuliza kama anaweza kuniita shangazi. Nikamwambia anaweza.

Nilifika tarehe thelathini. Barua yako ya mwisho nilikuwa sijaipata; ilipishana nami njiani, ikateremshwa Maseru kwa gari la misheni, na Mosa ndiye aliyeniletea hapa. Duka la Mapetla walinionyesha nyumba. Dineo alifungua mlango akasema, "Kama umeleta habari za Lefa, niambie hapa hapa nimesimama." Ulikuwa umetoka siku mbili kabla. Ulichukua blanketi, ukamwambia unakwenda zamu. Mgodini wakasema hukufika.

Umefanya kile ulichomsingizia mume wangu, Pheello. Kile kile. Umeondoka, umeacha mke na watoto, bila neno.

Mimi nilimweleza. Nilimsomea barua yako yote, nikiwa nimemshika mikono. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Basi mimi nimeolewa na nani?" Nikampikia chai.

Jumatatu tulikwenda polisi, wawili sisi. Askari akachukua fomu, akauliza jina la anayetafutwa. Dineo akanigeukia. Mimi ndiye niliyesema: Pheello, mwana wa Tlali Sekete, wa Ha Lebese. Askari akaandika. Ni mara ya kwanza jina lako kuandikwa katika mji huu.

Kisha nikauliza kuhusu mwingine. Nikasema: mwanamume, Novemba 1977, nyuma ya machinjio, hakuwa na karatasi. Askari kijana akanitazama kama nimechanganyikiwa, lakini mkubwa wake akatupeleka kwenye ofisi ya makaburi ya mji, na mama mmoja pale akatoa kitabu kilicholiwa na panya pembeni. Alipitisha kidole polepole. Ukurasa wa tatu akasimama.

Nakuandikia kama ilivyoandikwa. Mwanamume, umri kama miaka thelathini na mitano, kovu la kung'atwa na farasi bega la kushoto. Jina halijulikani. Aliokotwa na wapita njia wawili kwenye mfereji, jeraha kisogoni. Akapelekwa hospitali. Alifariki siku ya nne.

Siku ya nne, Pheello.

Kovu lile nililiosha mimi mwenyewe kwa maji ya chumvi likiwa bado kidonda, kabla hatujaoana. Huna haja ya kunijibu lile ulilokataa kuliandika. Kitabu kimejibu. Siku nne alilala kitandani, na waliomwuguza hawakuwa na jina la kumwita. Siku ya pili, Jumatatu, wewe ulikuwa Maseru unasema ndiyo. Neno moja lako mlangoni mwa hospitali, ningeshuka mlima huo usiku na mchana. Angenisikia, hata kama asingefungua macho.

Jana Ntate Khoabane alipiga simu kiwandani kwa Mosa. Anasema kuna mwanamume amekuja dukani, amefunika uso kwa blanketi, anakohoa, amenunua mishumaa na kiberiti. Amefungua nyumba yangu. Hajui ni nani, lakini alijua ufunguo unakofichwa. Anasema mtu huyo anashinda amekaa kwenye kizingiti akitazama njia inayopanda kileleni, na kwamba mawingu yamerudi, theluji itaanguka tena.

Najua unachokitazama huko juu. Usiende.

Siandiki hivi kwa sababu nimekusamehe. Sijakusamehe, na sijui kama nitaweza. Naandika kwa sababu ukipanda huko nitabaki tena na mtu asiye na kaburi, na siwezi kuanza upya. Nina miaka hamsini.

Nimekwisha kutia sahihi kwenye karatasi za kumfukua Lefa. Wametuambia siku kumi. Nitamleta nyumbani, alale karibu na mama yake, na siku hiyo nitavaa nguo nyeusi mbele ya watu wote. Polisi wamesema wanapanda kesho kutwa. Niliwaambia ulipo. Usidhani kuna mwingine aliyekutaja, ni mimi. Dineo na watoto watakuja nyuma yao, pamoja nami. Ametaka mwenyewe. Anasema anataka kumsikia mumewe akitamka jina lake.

Unga uko kwenye pipa la kijani. Kuni ziko nyuma. Washa moto, Pheello, ukae ndani, ufunge mlango, utungoje.

Mamosa